Vilabu Vyetu Vilivyovuka Mipaka

Katika mkutano wetu wa mwaka hapa Kinoo liliulizwa swali: je, yafaa hazina ya chama cha maslahi kutoa fedha za jezi na nauli kwa timu ya vijana? Halmashauri imetutaka tuandike machache juu ya jambo hilo, nasi tumeona heri kutazama nyuma, kwani swali hili si geni katika Kenya.

Mashindano ya kwanza ya kuvuka mpaka katika nchi zetu hayakuwa ya vilabu. Mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilishindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Nairobi, ulikwisha sare ya bao 1 kwa 1. Ukarudiwa, na Kenya ikashinda 2 kwa 1. Siku hizo reli ilikuwa haijafika Kampala (ilifika mwaka wa 1931), hivyo abiria wa huko alivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ndipo apande gari moshi lipitalo stesheni ya Kikuyu, jirani yetu.

Vilabu vilingoja sana. Mwaka wa 1974 mabingwa wa nchi za Afrika Mashariki na Kati walianza kushindania kombe lao la kila mwaka. Simba ya Dar es Salaam ikalitwaa. Mwaka uliofuata Young Africans ikalichukua Unguja kwa kuishinda Simba mabao 2 bila. Mwaka huohuo wa 1975 Afrika nzima ikaanzishiwa Kombe la Washindi, kwa vilabu vilivyotwaa makombe ya nchi zao.

Na ni nani waliobeba jina la Kenya? Hapa twaomba wanachama wasome polepole. Kombe la mabingwa lilikuja Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1976, likabaki 1977, mikononi mwa Luo Union. Mwaka wa 1979 likatwaliwa na Abaluhya. Majina hayo ni ya vyama vya maslahi, vyama vilivyozika wafu, vikawatazama wagonjwa na kuwapokea wageni mjini, kama chetu. Makampuni makubwa nayo yalikuwa na timu. Lakini hizi zilitangulia.

Mwaka wa 1979 Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, ilifika fainali ya Kombe la Washindi. Canon ya Yaoundé iliifunga 2 bila Nairobi, kisha 6 bila kwao. Hatuoni sababu ya kuyaficha mabao hayo: nani mwingine wa Kenya aliyekuwa amefika hapo? Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilirudi, ikatoka sare 2 kwa 2 na Espérance huko Tunis, na 1 kwa 1 Kasarani, ikalitwaa kombe kwa mabao ya ugenini.

Lakini kabla ya hapo, mwaka wa 1980, serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Wazee wetu waikumbuka GEMA. Timu nazo ziliambiwa ziache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, ikalitwaa kombe la mabingwa miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Luo Union ikaitwa Re-Union, wala haikulitwaa tena.