Mikro Kuukuu ya Harmonika na Ufundi wa Goma

Mji wa Goma, uliokaa ukingoni mwa ziwa Kivu kwa kimo kinachokaribia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haukujaaliwa bahati ya kuhifadhi vyombo vyake vya kale; maana mlima Nyiragongo umeuingilia kwa moto zaidi ya mara moja, na tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaishia ziwani, na yaliyosazwa na mlima aghalabu yamechukuliwa na vita na kuhamahama. Kwa hiyo mtu akibahatika kupata hapa mikro ya chuma ya miaka ya 1950, iwe imesalia kwa watu au imeletwa juzi katika shehena ya vitu vilivyotumika, asitaraji kupata pamoja nayo risiti, wala kitabu cha maelezo, wala mzee wa kumhadithia ilikotoka. Nasaba yake yote imo ndani ya ganda lake, na mwenye kutaka kuijua hana budi kuisoma humo.

Mikro ninazozikusudia ni zile zitafutwazo na wapigaji wa harmonika, kinanda kidogo cha mdomo ambacho Matthias Hohner alianza kukiunda kwa biashara katika mji wa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, nacho kikatawanyika duniani kwa wepesi kwa kuwa kinaingia mfukoni. Ajabu ni kwamba mikro za kale zilizopata sifa kwa harmonika hazikuundwa kwa ajili yake. Astatic JT-30 iliyotoka Ohio, na Shure 520 ya Chicago, iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 na kuitwa Green Bullet kwa rangi yake ya kijani na umbo lake la risasi, zilikusudiwa mtu anayesema: mtoa matangazo, askari aliyekaa kwenye redio, au mpenda redio anayezungumza na wenziwe wa mbali usiku. Na madhali maneno ya mtu husikilizana vyema kwa sauti za kati, waundaji hawakujisumbua na sauti nzito mno wala nyembamba mno, wakaridhika na chombo kinachosukuma mbele zile za kati peke yake. Upungufu huo ndio uliokuja kuthaminiwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kumbi za Chicago, gitaa zilikuwa zimekwisha kutiwa umeme, na harmonika ikawa inamezwa na kelele za ukumbi. Ndipo wapigaji wakaanza kuikumbatia mikro pamoja na kinanda ndani ya viganja viwili, wakaziba kila upenyo wa hewa, wakaisukumia amplifaya ya lampu nguvu iliyozidi uwezo wake, hata sauti ikapasuka na kuwa nene. Little Walter, aliyerekodi wimbo wa ala "Juke" mwezi wa Mei 1952, ndiye aliyeufanya ufundi huo ujulikane. Tangu hapo mikro haikuwa tena njia ya kupitishia muziki tu, bali ilikuwa nusu ya kinanda chenyewe.

Mwaka huo huo wa 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alikuwa akizunguka Kongo ya Wabelgiji na Rwanda kwa gari lililobeba mitambo ya kurekodi, na huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akakutana na kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, akazihifadhi nyimbo zake za Kiswahili. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika mikro yake kwa mkono, mwishoni mwa mti mrefu, akiisogeza karibu na ala iliyotaka kusikika na kuiondoa pale ilipotosha, na shabaha yake ilikuwa msikilizaji asahau kabisa kuwa pana chombo kati yake na mpigaji. Hizo ni njia mbili zilizopishana katika mwaka mmoja: mmoja anaitaka mikro iwe shahidi mwaminifu asiyeongeza neno, mwingine anaitaka iingie mchezoni. Wala simdharau Tracey, kwani bila uaminifu wake tungepoteza mengi yasiyorudi. Lakini mafundi wetu wengi wamefunzwa njia yake tu, na kila mkoromo kwao ni ugonjwa wa kutibiwa.

Ilhali Kongo yenyewe imetoa hoja kinyume, na iliyo bora kuliko ya Chicago. Mawangu Mingiedi, mtu wa Bakongo kutoka upande wa mpaka wa Angola, alipohamia Kinshasa na likembe yake alikuta mji una makelele kuliko kijiji, na likembe ni ala ya kupigwa kwa vidole gumba, yenye sauti ndogo, ya kusikilizwa na waliokaa karibu. Hakuwa na fedha za kununua mikro, basi akaziunda: akatwaa sumaku za vyombo vya magari makuukuu, akazizungushia nyaya za shaba, akazipachika kwenye likembe, na mikro za waimbaji akazichonga kwa mti. Mkoromo uliotokana na vyombo hivyo haukukusudiwa hapo mwanzo. Ulikuja pamoja na uhitaji, kisha ukapokewa, ukazoeleka, hata kundi lake la Konono Nº1 likawa halitambuliki bila huo. Album yao ya "Congotronics" ya mwaka 2004 iliwafikisha katika majukwaa ya Ulaya na Marekani, nao wakasafiri na sumaku zao. Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa na haja ya kufundishwa na mtu kwamba kasoro ya chombo yaweza kuwa sauti ya mwenyewe.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu fundi akiletewa mikro ya aina hiyo hawezi kuamua atengeneze nini kabla hajajua ni ya ukoo gani. Ganda halimtoshi, kwa kuwa maganda yalibadilishwa sana: JT-30 iliuzwa pia kwa jina la Hohner, na umbo la risasi la Shure lilitumika kwa mikro ya fuwele, 707A, kabla ya kutumika kwa ile ya sumaku. Ukweli uko kwenye kapsuli, kile kisahani kinachokaa nyuma ya wavu ndani ya pete ya raba. Ukifungua skrubu na kukitoa polepole, ukakuta kapsuli nyepesi, na mita ikiwekwa kwenye ncha zake haionyeshi njia ya umeme, hiyo huenda ni ya fuwele au ya kauri. Ukikuta nzito, inayovuta bisibisi, na mita inaonyesha ukinzani wa koili, hiyo ni ya sumaku, na baadhi ya zile za Shure zimepigwa mhuri wa tarakimu za mwaka na juma ilipotengenezwa. Hizo ndizo hati za kuzaliwa kwake, zisifutwe kwa msasa wala kwa spiriti.

Fuwele ya mikro hizo ni chumvi ya Rochelle, iliyovumbuliwa na mtengeneza dawa Seignette wa La Rochelle, Ufaransa, katika karne ya 17, na ndugu wawili Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele kama hiyo ikibanwa hutoa umeme. Mpigaji anapovuma, kiwambo chembamba hutikisika, huikunja fuwele kidogo mno, nayo hujibu kwa volti. Sauti yake ina ukali mtamu usiopatikana kwingine, lakini umri wake ni mfupi: joto linalozidi nyuzi 50 hivi laiharibu, unyevu mwingi waiyeyusha, ukavu mwingi waikausha hata ikawa unga. Mikro iliyoachwa katika gari lililofungwa juani, au chini ya paa la bati kwa misimu ya mvua, aghalabu imekwisha kufa hata kama ganda lake linang'aa. Ya sumaku hustahimili zaidi, ila hapa Goma ina adui wa pekee, nalo ni vumbi jeusi la lava, ambalo ndani yake mna chembe za madini ya chuma. Sumaku huzivuta, nazo hukusanyika pembeni mwa kiwambo na kukizuia kutikisika. Vumbi hilo halitoki kwa kupulizwa. Hutolewa kwa utepe wa kunata, chembe kwa chembe, kwa subira, na mbali na pasi ya kulehemu.

Kisha huja suala la kuiboresha. Taksiri inayotendeka mara nyingi ni kuichomeka mikro ya fuwele moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa, iliyoundwa kwa ajili ya mikro za ukinzani mdogo kama ile SM58 ya mwaka 1966 ambayo kila mwimbaji wa kwaya anaijua. Sauti nzito hupotea zote, ikabaki nyembamba kama ya redio yenye betri zilizochoka, na fundi akahukumu kwamba kapsuli imekufa, akaitupa. Fuwele yataka kupokewa na amplifaya yenye mlango wa ohmu milioni moja hadi tano, na kama haipo, basi kikuza-sauti kidogo cha betri kiwekwe kati. Ile ya sumaku yenye ukinzani mkubwa yatosheka na transfoma. Kapsuli ikiwa imekufa kweli, hakuna aibu kutia ya kauri au ya sumaku mahali pake, mradi raba ya pembeni iwe mpya na iliyobana, kwani hewa ikipenya sauti hupungua unene na mluzi huanza mapema.

Kwa maoni yangu, ganda lisitobolewe kwa ajili ya kidhibiti cha sauti wala kwa ajili ya plagi mpya. Plagi ya kale ya kufungwa kwa kuzungusha yaweza kuunganishwa na waya unaoishia kwa jeki ya siku hizi, na kidhibiti chaweza kukaa katika kisanduku cha nje, kinachofungwa kiunoni mwa mpigaji. Kapsuli iliyotolewa, hata iliyokufa, ifungwe kwa kitambaa, iandikwe namba zake na tarehe ilipotolewa, na akabidhiwe mwenye mali, kwa sababu ndiyo peke yake iwezayo kumwambia fundi wa baadaye mikro hiyo ilizaliwa lini na kwa kazi gani. Vijana walioanza kupanda majukwaani Goma tangu Amani Festival ya kwanza, Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, wamezoea mikro zinazofanana zote. Atakayewapelekea moja ya hizi, ikiwa imetengenezwa kwa namna niliyoieleza, awaache kwanza waipige kwa sauti kubwa, wasikie inavyokoroma, kabla mtu hajawaambia kuwa mkoromo huo ni kosa.