Nukta na Tarehe: Hoja kuhusu Uhifadhi wa Wakati katika Mifumo ya Data

Mwaka 2024 wateja wa shirika la umeme la TANESCO mjini Songea, mkoani Ruvuma, kama wenzao nchi nzima, waliponunua umeme walipewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja lililozoeleka. Mawili ya kwanza hayakuwa na uniti hata moja. Kazi yake ilikuwa kuiboresha mita, na la tatu ndilo lililoleta umeme. Siku ya mwisho ilitajwa kuwa 24 Novemba 2024. Tarehe hiyo haikupangwa na ofisi yoyote. Ilitokana na hesabu, na hesabu hiyo ndiyo mfano ulio karibu zaidi na Mtanzania wa kawaida wa tatizo ambalo wataalamu wa programu hukutana nalo kila siku: namna ya kuandika wakati ndani ya data.

Mita hizo za malipo ya kabla, za LUKU, hufuata kiwango cha kimataifa cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Tokeni moja, yaani kundi moja la tarakimu, hubeba biti 66, ambazo zikigeuzwa kuwa namba za kawaida huenea katika tarakimu 20. Kati ya biti hizo, 24 ni za wakati: zinataja dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993 hadi tokeni ilipotolewa. Mita hukumbuka namba za wakati za tokeni zilizokwisha kuingizwa. Ikiletewa iliyokwisha kutumika, au iliyo kongwe kuliko zote inazozikumbuka, huikataa. Kwa njia hiyo mita huzuia tokeni moja isiingizwe mara mbili bila kuhitaji saa yake yenyewe wala mawasiliano na seva.

Lakini biti 24 zina nafasi ya thamani 16,777,216 tu. Dakika hizo ni siku 11,650 na ushei, yaani miaka 31 na miezi ipatayo 11. Zikiisha, hesabu hurudi sifuri, na tokeni iliyotolewa leo asubuhi huonekana mbele ya mita kama ya mwaka 1993. Ndiyo sababu makundi yale mawili yalibadili ufunguo wa mita, yakafuta kumbukumbu zake za zamani na kuhamishia mwanzo wa hesabu kwenye 1 Januari 2014. Mwanzo huo nao una mwisho: 24 Novemba 2045. Sioni uzembe hapa. Aliyebuni mfumo alilazimika kubana kila biti, kwa kuwa kila nyongeza ingemwangukia mtu anayebonyeza vitufe gizani umeme ukiwa umekatika. Tena ukomo ulijulikana, na tiba yake iliandaliwa mapema. Mifumo mingi tunayoijenga sisi wenyewe haina hata hilo.

Makala hii inajenga hoja moja. Namba ya wakati haina maana mpaka ijulikane imeanza kuhesabiwa lini, kwa kipimo gani, na inawakilisha wakati wa aina gani. Mambo mawili ya kwanza yanafundishwa vyuoni. La tatu linapuuzwa, na ndilo linaloharibu kumbukumbu zetu nyingi.

Tuanze na yanayofundishwa. Mfumo wa Unix huhesabu sekunde tangu saa 6 usiku wa kuingia 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, UTC. Songea wakati huo ilikuwa saa 9 usiku. Namba hiyo ikitunzwa katika biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa, nafasi itaisha tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Tanzania, kisha itarukia 13 Desemba 1901. Kipimo nacho kina mitego yake: JavaScript huhesabu milisekunde, si sekunde. Ukikuta ripoti inayodai malipo ya mwaka jana yalifanyika Januari 1970, mara nyingi ujue mmoja aliandika sekunde na mwenzake akazisoma kama milisekunde.

Sasa tuje kwenye aina. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea kwa kushiriki Vita vya Majimaji, na kila mwaka mji huu huiadhimisha siku hiyo. Mtunza kumbukumbu akitaka kuiweka katika hifadhidata inayokubali sekunde za Unix pekee, atapata −2014761600. Namba hiyo inaenea katika biti 32, lakini inadai jambo ambalo halimo katika kumbukumbu ya tarehe: kwamba tukio lilitokea saa 6 usiku ya Greenwich, katika sekunde fulani. Tunachokijua ni siku. Siku ni kipande cha kalenda ya mahali, na nukta ni alama moja kwenye mstari wa wakati wa dunia nzima. Anayeigeuza siku kuwa nukta anaongeza habari ambayo hakupewa, na anayeigeuza nukta kuwa siku bila kutaja mahali anapunguza.

Madhara yake hayaishii makumbusho. Chukua mfano wa mtoto anayezaliwa katika hospitali ya wilaya saa 7 na dakika 20 usiku wa kuamkia Jumatano, 12 Machi 2025. Kwa mtindo wa ISO 8601, kiwango kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988 na ambacho RFC 3339 ya mwaka 2002 ilikifupisha kwa matumizi ya intaneti, tukio hilo huandikwa 2025-03-12T01:20:00+03:00. Sina ugomvi na mtindo huo: mwaka unatangulia, kwa hiyo orodha hujipanga yenyewe, na +03:00 inamwambia msomaji tofauti ya saa hiyo na UTC. Seva ikiubadili kuwa UTC itaandika 2025-03-11T22:20:00Z. Nukta ni ileile. Kosa huingia pale mtu wa takwimu anapokata herufi kumi za mwanzo ili apate tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa Jumatano anakuwa wa Jumanne. Kwa njia hii kila anayezaliwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku anaongezewa siku moja ya umri.

Kuna hali mbaya zaidi. Fomu ikiuliza tarehe tu, programu ikaitafsiri kama saa 6 usiku ya Tanzania, kisha ikaipeleka kwa UTC, matokeo ni saa 3 usiku ya siku iliyotangulia. Hapo hazihami tarehe za masaa matatu ya usiku peke yake, zinahama zote. Na kwa kuwa zote zimehama kwa kiasi kilekile, jedwali linaonekana safi kabisa. JSON, inayobeba sehemu kubwa ya data kati ya mifumo, haina aina ya wakati hata moja. Ina maneno na namba. Haiwezi kumwonya yeyote.

Wahandisi wana jibu la haraka: hifadhi kila kitu kwa UTC, onyesha kwa saa za mtumiaji. Kwa kumbukumbu za seva, miamala ya simu na vipimo vya mitambo, jibu hilo ni sahihi. Kwa tarehe ya kuzaliwa, siku ya kufungua zabuni au tarehe ya hati ya kiwanja, ni kosa, kwa sababu mambo hayo hayakuwa nukta tangu mwanzo. Nadhani kanuni hii imeshika mizizi kwetu kwa sababu Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma kwa misimu. Tofauti ya saa 3 haibadiliki, basi makosa hayajitokezi yenyewe kila Machi na Oktoba kama yanavyojitokeza Ulaya. Yanakaa kimya.

Saa ya Kiswahili inaongeza tabaka lingine, nalo si la kuonyesha tu kama wengi wanavyodhani. Muuguzi ameandika kwenye rejista "7:20 usiku". Karani anaingiza kwenye kompyuta: anaona 7:20, anaona usiku, anachagua PM. Mtoto aliyezaliwa saa 01:20 sasa amezaliwa saa 19:20, masaa 18 baadaye. Hakuna ukaguzi wa kiprogramu utakaolikamata kosa hilo, maana saa zote mbili ni halali. Kutoa au kujumlisha sita hakutoshi, kwa kuwa usiku mmoja umelala juu ya tarehe mbili: saa 4 usiku iko upande mmoja wa saa sita, saa 7 iko upande wa pili. Watangazaji wa redio walikwisha kulimaliza tatizo hili kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumatano". Sijaona fomu ya kompyuta yenye kisanduku cha namna hiyo, wakati ndicho kinachohitajika: mtumiaji aingize saa kama anavyoisema, na mfumo umrudishie papo hapo 01:20, Jumatano, aithibitishe.

Hata hazina ya CLDR, inayozipa simu na kompyuta maneno ya lugha mbalimbali, imeyumba hapa. Katika data yake ya Kiswahili adhuhuri inaitwa "saa sita za mchana", ilhali tarakimu za saa zinabaki 12. Mizunguko ya saa inayotambuliwa ni minne, na hakuna hata mmoja unaoanza kuhesabu alfajiri. Tungeweza kuomba wa tano. Waethiopia, ambao nao huhesabu saa tangu mapambazuko, wangetuunga mkono.

Limebaki suala la mahali. Songea iko karibu na longitudo ya nyuzi 35.65 Mashariki, lakini saa ya Afrika Mashariki ni ya longitudo 45, iliyo mbali baharini. Kwa wastani, jua hufika utosini hapa takriban dakika 37 baada ya saa sita mchana. Ukivuka mpaka wa Mkenda kuingia Msumbiji, saa inarudi nyuma kwa saa nzima, na Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa ni vivyo hivyo. Stakabadhi ya mahindi yenye "10:00" bila +03:00 haimwambii mkaguzi kama mzigo ulipimwa kabla au baada ya lori kuvuka.

Hata +03:00 haitoshi daima, kwa kuwa tofauti hiyo ni uamuzi wa serikali na iliwahi kubadilika. Hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, na sasa ikihifadhiwa na IANA, inaonyesha Dar es Salaam ikitumia saa 2 na dakika 45 kati ya 1948 na 1961, wakati Nairobi ilikwisha kuhamia saa 3 kamili mwishoni mwa Julai 1942. Katika matumizi ya kawaida jina la Dar es Salaam limefungamanishwa na la Nairobi, na historia yake imewekwa kando. Anayegeuza saa za kumbukumbu za Tanganyika za mwaka 1955 kwa programu ya kawaida atapotoka kwa dakika 15. Kwa matukio yajayo dawa ni kuandika saa ya ukutani pamoja na jina la ukanda, jambo ambalo RFC 9557 ya mwaka 2024 imeliwekea mtindo rasmi.

Kwa hiyo wanaoandika hadidu za rejea za mifumo ya halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika mkoani Ruvuma wasikubali sentensi moja inayosema "mfumo utatunza tarehe na saa". Wadai kwa maandishi, kabla ya mkataba kusainiwa, kwamba kila sehemu itaje kama ni nukta au ni siku, kwamba nukta zibebe tofauti yake na UTC, kwamba siku zisipitishwe kwenye UTC kamwe, na kwamba majaribio ya kupokea mfumo yajumuishe mtoto aliyezaliwa saa 7 usiku.