Lau Mturuki Angalidumu Mombasa

Katika mabaraza yetu, hasa usiku wa Maulidi sahani zikisha kuondolewa, hapakosi mzee wa kuuliza swali hili: Dola ya Kituruki ilikuwa na mizinga na marikebu, nayo ilikuwa mlinzi wa Makka na Madina tangu mwaka wa 1517, mbona iliwaacha Waislamu wa pwani mikononi mwa Mreno? Swali ni la haki. Lakini yafaa ijulikane kwamba Mturuki hakuwaacha kabisa. Alikuja mara mbili, na mara ya pili alitia mguu Mombasa akajenga na buruji ya mizinga. Habari hiyo ndiyo nitakayoieleza, kisha tupime pamoja mambo yangalikuwaje lau angalidumu.

Mreno alikwisha kuiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka wa 1505, akaichoma Mombasa tena mwaka wa 1528. Malindi alikuwa rafiki yake tangu 1498, kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu kabla ya yeyote kati yao kumwona mtu wa Ulaya. Kati ya miaka ya 1585 na 1586 alitokea Bahari ya Shamu nahodha aitwaye Amiri Ali Bey, na marikebu moja tu. Akapita Mogadishu, Barawa, Faza, Pate na Lamu mpaka Mombasa, na kila mji isipokuwa Malindi ukamkaribisha na kukiri utii kwa Sultani Murad wa Tatu wa Istanbul. Wareno waliokuwa wakifanya biashara wakakamatwa. Amiri akarudi kwao na mateka na mali nyingi, akaahidi kuja tena na jeshi.

Hapa natua kidogo, maana jambo hili hupitwa upesi na wale wapendao habari za ushujaa. Marikebu ile moja ilikwenda zake, na miji ikabaki. Januari mwaka wa 1587 yalifika kutoka Goa majahazi ya kivita ya Mreno, yakaishukia Faza. Watu wakauawa, wake kwa waume, mfalme wao akauawa pamoja nao, mji ukatiwa moto na minazi ikakatwa. Mombasa nayo ikateketezwa. Watu wa Faza walilipa bei ya bendera ambayo mwenyewe hakuwapo kuitetea.

Amiri Ali Bey alitimiza ahadi yake. Alirudi kati ya 1588 na 1589 na marikebu zisizozidi tano, na watu wapata mia tatu. Akapiga mizinga Malindi bila faida, kisha akaingia Mombasa akaanza kuiimarisha. Ndipo balaa mbili zilipokutana. Baharini yalikuja majahazi ya Mreno wapata ishirini kutoka Goa. Na upande wa bara, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba waliotoka pande za Zambezi. Mreno aliyeandika habari zao asema walikuwa wala watu. Nasi twajua adui huandikaje habari za asiowajua. La hakika ni kwamba Amiri alilazimika kugawa nguvu zake chache, sehemu bandarini, sehemu Makupa. Machi 1589 Mreno alizitwaa marikebu zake zote, kivuko kikawa wazi, na Wazimba wakaingia kisiwani. Watu walijitupa baharini. Amiri mwenyewe alikimbilia mashua za Mreno, akachukuliwa Goa na kisha Lisbon. Wazimba wakaendelea hadi Malindi, na huko wakavunjwa na Wasegeju.

Sasa tupime. Wengi husema: lau si Wazimba! Mimi sikubali. Watu mia tatu wasingaliweza kushindana na jeshi lililowazidi mara tatu, Wazimba wawepo au wasiwepo. Ili Mturuki adumu, ilipasa zitoke Suez marikebu hamsini wala si tano. Na Suez hapana miti. Mbao za kuundia zilitoka nchi za Uturuki, zikavuka bahari mpaka Misri, kisha zikapakiwa juu ya ngamia kuvuka jangwa. Zaidi ya hayo Dola ilikuwa vitani na Uajemi tangu 1578 hadi 1590. Hasan Pasha, liwali wa Yemen, aliyemtuma Amiri, alitoa alichoweza kutoa.

Lakini tujaalie vita vya Uajemi vimekwisha mapema, na mbao zimefika. Ngome ya Mombasa, aliyoanza kuijenga Mreno mwaka wa 1593, ingalijengwa na Mturuki, na haikosi juu ya jabali lile lile. Barua ya liwali ingalingoja kusi ipande kaskazini, na jibu lingalingoja kaskazi literemke. Amri moja ingalikula mwaka mzima. Liwali aliye mbali hivyo hawi mtumishi kwa muda mrefu. Tazama Algeria: askari wa Kituruki walioa huko, wakazaa, na baada ya vizazi vichache watawala walimtii Sultani kwa jina na kufanya watakalo. Mombasa ingalikuwa vivyo hivyo, na mapema zaidi, kwa kuwa ilipofika 1636 Maimamu wa Yemen walikwisha kumtoa Mturuki nchini mwao, na njia ya msaada ingalikatika.

Katika dini nadhani mabadiliko yangalikuwa machache. Ibn Battuta aliwakuta watu wa Mombasa wakifuata madhehebu ya Shafi mwaka wa 1331. Mturuki mwenyewe ni Hanafi, lakini Misri aliitawala karne nyingi na Mashafii wake wakabaki Mashafii.

Lipo jambo jingine, nalo latuhusu sisi wa bara. Watu wa Mombasa waliwaita Waarabu wa Omani kwa sababu ya dhuluma ya Mreno; na Omani, baada ya kumtoa Mreno Maskati mwaka wa 1650, waliizingira Ngome tangu 1696 mpaka ikaanguka 1698. Kutoka mkono huo wa Omani ndiko ilikotoka Unguja ya Seyyid Said, na kutoka Unguja zilitoka misafara ya pembe na ya watumwa iliyopita Tabora. Kwa misafara hiyo Kabaka Suna alisomewa Kurani kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1840. Lau Mturuki angalidumu Mombasa, Mreno hayuko, na Omani haitwi. Njia ile iliyoleta shahada mpaka kwa mababu zetu ingalifunguliwa na nani? Na wale waliopitishwa njiani humo na minyororo shingoni, wangalisalimika? Siwezi kumjibu mzee wa barazani swali lake la kwanza bila ya yeye kunijibu haya mawili.

Pengine Uislamu ungalitufikia kwa Mto Naili. Jambo hilo nusura litukie. Mwaka wa 1875 Khedive Ismail wa Misri, aliyekuwa bado chini ya Istanbul kwa jina, alipeleka manowari zikatwaa Barawa na Kismayu kwa muda, hata Mwingereza akamlazimisha kuziondoa. Na mwaka wa 1876 askari wa Misri waliingia katika mji mkuu wa Kabaka Mutesa, na bendera ya mwezi. Mutesa aliwapokea kwa heshima, akawaweka chini ya macho ya watu wake, wasiweze kutoka wala kuamuru, na mwaka ule ule Gordon akawarudisha kaskazini.