Maskini Akipata

Kuna methali ambayo mtoto wa pwani huisikia kabla hajajua kusoma: maskini akipata, matako hulia mbwata. Ukiwa mdogo unacheka kwa sababu ya hayo matako na hilo mbwata. Ukikua, ukaanza kushika visenti vyako, kicheko kinakwisha. Unagundua kwamba anayechekwa ni wewe. Umenunua kiatu, umepita nacho barazani, na wazee waliokaa pale wametazama miguu kwanza, salamu wameitikia baadaye.

Methali hiyo ina ndugu yake: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Ziweke pamoja uone. Ya kwanza inakwambia ukipata utajishaua. Ya pili inakwambia ukionekana nacho utashukiwa. Inabaki njia moja tu: uwe nacho, na usionekane nacho.

Wengi wetu tuliokulia kwenye nyumba za kupima unga kwa kikombe tunaishi hivyo mpaka leo. Mama akihitaji dawa, pesa inatoka kwa simu kabla hajamaliza kueleza. Karo ya mdogo wetu, tunachanga. Matanga ya jirani, tunachanga. Lakini shati la kuvaa mwenyewe? Unaliuliza bei mara tatu, unalishika, unalirudisha, unaondoka. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sasa nala kwa kuandika. Malipo yakiingia nahesabu haraka sana nani anahitaji nini. Jina langu huwa halimo kwenye hesabu.

Watu husema hili ni jambo la kichwani tu, ujipende, utapona. Sawa. Lakini Lamu ina jibu refu zaidi, kwa sababu hapa kwetu kulikuwa na wakati ambapo swali la nani ajipambe na nani asijipambe halikuwa la moyoni. Lilikuwa utaratibu wa mji.

Turudi karne ya 19. Lamu ilikuwa mji wa pesa. Boriti za mikoko, pembe za ndovu, nafaka na simsim vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na kwingineko. Simsim na nafaka hizo zililimwa bara, upande wa kina Mkunumbi, na waliolima wengi wao walikuwa watumwa. Faida ilivuka bahari ikaja kwa wenye nyumba za mawe za Mkomani, zile ambazo leo watalii wanalipa kulala ndani yake. Zile kuta zenye vidaka vya chokaa zilichongwa ili bakuli za kaure kutoka China zipate mahali pa kuonekana. Anasa ilikuwa na mahali pake ukutani.

Na ilikuwa na mahali pake mwilini. Mwanamke wa kiungwana akitoka nje alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema, kikishikiliwa na watumwa wake. Hebu ifikirie hiyo picha. Yule aliye ndani haonekani hata ukucha. Yule anayeibeba, jua lote lake. Katika miji ya pwani mtumwa hakutarajiwa kuvaa viatu wala kujifunika kichwa kama mungwana. Siyu, kisiwani Pate, ilikuwa ikisifika kwa mafundi wa ngozi na makubadhi yao, lakini kuishi karibu na fundi hakukumpa kila mtu ruhusa ya kuvaa alichoshona. Nguo ya mtumwa ilikuwa merikani, ile pamba nyeupe isiyo na urembo iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa na meli za Marekani. Au ilikuwa kaniki, nyeusi ya rangi ya nili. Ukimwona mtu kwa mbali, umeshajua cheo chake kabla hajafungua mdomo.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao bado unasomwa mashuleni. Anamfundisha kujipamba: manukato, hina, wanja, vikuku. Tunaukumbuka sana upande huo. Tunasahau mambo mawili. Kwanza, pambo lile lilikuwa la kumridhisha mume, kwa hiyo hata bibi wa nyumba ya mawe alijipamba kwa sababu ya mtu mwingine. Pili, humo humo anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Pambo na mpaka vilifundishwa katika somo moja.

Halafu mambo yakabadilika. Unguja na Pemba, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kwenye pwani ya Kenya tulisubiri mpaka 1907. Na fidia ilipolipwa, ilikwenda kwa waliokuwa wakimiliki watu, kwa hasara waliyoipata. Aliyemilikiwa hakulipwa kitu. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Waliokuwa na ushahidi wa kumiliki mashamba waliandikishwa. Waliolima mashamba hayo kwa mikono yao wakabaki maskwota, na kesi za maskwota wa pwani unazisikia kwenye redio mpaka leo.

Kwa hiyo fikiria umeachwa huru mwaka ule. Ardhi huna. Nyumba ya mawe huna. Fidia amepewa bwana. Una vibarua vyako na pesa kidogo mkononi, na kwa mara ya kwanza ni zako. Utanunua nini?

Unguja tunajua walinunua nini. Walinunua nguo. Kanga zilikuwa zimeanza kuenea miaka hiyo. Inasimuliwa kwamba mwanzo wake ni leso zilizonunuliwa kwa kipande na kushonwa pamoja, ndiyo maana sisi Wakenya bado tunaiita leso. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki waliiacha, wakafunga kanga za rangi, na mitindo ikawa inabadilika haraka kiasi kwamba Wazungu waliopita hapo waliandika juu yake. Wanaume nao walivaa kanzu na kofia. Baadaye likaja buibui, na mwanamke ambaye bibi yake alibeba shiraa ya mwingine akawa na la kwake la kujifunika.

Ukisoma hayo kwa haraka, utasema: si ndiyo hao, wamepata tu wamekimbilia nguo. Matako yanalia mbwata. Lakini mtu ambaye jana miguu yake ilikuwa mitupu kwa amri ya mwingine, akinunua viatu leo, hajanunua ngozi tu. Amewaambia majirani kwamba huu mwili una mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Hakukuwa na ofisi ya kupeleka ujumbe huo. Aliupeleka kwa miguu, mtaa hadi mtaa. Ndiyo maana nashuku kwamba methali yetu haikutungwa na maskini. Ina sauti ya mtu aliyekaa barazani, aliyezoea kujua cheo kwa kutazama nguo, na ghafla hajui tena.

Lamu palikuwa na jibu jingine pia, na halikuanzia dukani. Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, alihamia Lamu akaanza kufundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha: watumwa, waliokuwa watumwa, na wageni wasio na ukoo wa kujivunia. Msikiti wake wa Riyadha ulijengwa karibu mwaka 1900 upande wa Langoni, mbali na nyumba za mawe za Mkomani. Aliingiza Maulidi ya Habshi kutoka Hadhramaut, ikasomwa kwa matari. Wakubwa walinung'unika. Leo Maulidi hiyo ndiyo inayojaza mji huu wageni kutoka pwani nzima.

Nayapenda majibu yote mawili, na nayaona yote kwetu nyumbani. Nyumba ngumu kabisa Langoni itapata kanzu mpya ya Idi au ya Maulidi, hata kwa mkopo, na hakuna atakayesema mbwata. Siku ya watu wote, kujipamba ni halali. Tatizo linakuja Jumanne ya kawaida, isiyo na sherehe, unapotaka kitu kwa sababu tu umekitaka. Hapo tunatafuta udhuru. Tunasema kilikuwa cha bei ya chini. Tunasema tumepewa.

Sitaki kumdanganya mtu hapa. Siandiki ili ukachukue mkopo wa simu ununue raba. Kanga zile zililetwa na wafanyabiashara waliojua wanachofanya, na nguo haikumpa mtu shamba. Na wazazi wetu hawakuwa wajinga kuweka akiba. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, iliwekwa amri ya kutotoka usiku na wavuvi wa Lamu wakakatazwa kuvua usiku. Nyumba iliyotegemea samaki wa usiku ilijua hapo hapo thamani ya shilingi iliyofichwa chini ya godoro. Mama aliyeuliza "na hivyo vya zamani vina nini?" alikuwa anakumbuka siku kama hizo.

Ila kichwani mwetu kuna sauti mbili, na tumezichanganya kwa sababu zote zinasema "usinunue". Moja inasema: kesho ipo, bahari hufunga, mgonjwa huja. Hiyo ni ya mama, na inastahili kusikilizwa, kisha ipewe fungu lake la akiba mwanzo wa mwezi ili itulie. Nyingine inasema: wewe ni nani uvae hivyo? Hiyo siyo ya mama. Ni ya baraza la zamani, la watu waliobebewa shiraa. Mama ameirithi tu kama alivyorithi methali, akatupa vyote kwenye kifurushi kimoja.

Ukisimama dukani mkono umeshika shati, umeshatenga ya nyumbani na umeshatenga ya kesho, na bado unaona haya, jiulize ni ipi kati ya hizo inayosema. Ikiwa ni ile ya pili, ujue ina umri wa zaidi ya miaka mia, na wapo watu waliokwisha kuijibu wakiwa na pesa chache kuliko zako. Lipa. Livae siku hiyo hiyo. Na akikuuliza mtu bei, mtajie.