Boma la Karema

Leo tutazungumza habari za nyumba moja ya zamani. Ninyi mlioko Kabungu, nyumba hiyo haiko mbali nanyi. Iko magharibi, Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1876 Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, aliunda chama huko Brussels. Alisema chama hicho kitachunguza Afrika na kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1879 mtu wa chama hicho, Kapteni Cambier, alifika Karema, katika nchi ya Wabende, akaanza kujenga. Baada yake alikuja Kapteni Ramaeckers. Yeye aliendeleza ujenzi, akafa papo hapo Karema mwaka 1882.

Je, mizigo ilifikaje? Hapakuwa na reli wala motokaa. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani kutoka pwani, safari ya miezi mingi. Mwaka 1879 waliletwa ndovu wanne kutoka India ili wasaidie kubeba. Waliteremshwa Msasani, lakini wengine walikufa njiani, na mpango ule haukufaulu. Basi kazi ikabaki kwa wapagazi. Majina ya makapteni yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa.

Baada ya Ramaeckers alikuja Luteni Storms. Mwaka 1884 watu wake walimwua Lusinga, mtawala wa ng'ambo ya ziwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Hapo tunajifunza jambo: tusiyapime maneno ya mtu mpaka tumeyaona matendo yake.

Mwaka 1885 Leopold aliipata Kongo. Karema haikumfaa tena, maana ilikuwa upande wa mashariki wa ziwa, upande ulioingia katika himaya ya Wadachi. Akawapa boma lile Mapadre Weupe. Boma la askari likawa misheni.

Mwaka 1889 alifika huko Adrian Atiman. Yeye alizaliwa karibu na Mto Niger, Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani. Mapadre walimkomboa, wakampeleka Malta kusoma uganga wa kizungu. Atiman aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67.

Wenye boma walisema wamekuja kuwasaidia watumwa. Mwishowe aliyewasaidia watu wa Karema kwa miaka mingi kuliko makapteni wote ni mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini Leopold aliliacha boma la Karema?
2. Ni nani hasa aliyelijenga: aliyetoa amri, au waliobeba na kukanda udongo?
3. Je, kijijini kwenu kuna nyumba ya zamani? Waulizeni wazee habari zake, kisha ziandikeni.

Kwaherini mpaka somo lijalo.