Safari za Ndege katika Nchi ya Barafu

Ninyi mnajua safari ngumu. Wengi wenu mmekwenda kwa miguu, kwa mtumbwi, au juu ya motokari iliyonasa katika matope siku mbili nzima. Leo tutawapeleka mbali, kaskazini ya dunia, katika nchi ya Alaska. Huko taabu ya njia ni ya namna nyingine.

Alaska ni jimbo la Marekani. Warusi waliiuza kwa Wamarekani mwaka 1867 kwa dola 7,200,000. Ukubwa wake ni karibu robo tatu ya Kongo yetu, lakini watu wake wote hawafiki 750,000. Vijiji vingi, hasa vya Wainupiat na Wayupik, ambao zamani Wazungu waliwaita Eskimo, havina barabara hata moja ya kufika mjini. Wakati wa joto watu hupita mtoni. Wakati wa baridi mito hugeuka barafu. Zamani mbwa ndio waliovuta watu na mizigo, juu ya magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza. Mapadri nao walikwenda kwa mbwa kuwatembelea wakristu wao, na safari moja ilikula majuma mengi.

Tarehe 21 Februari 1924, rubani Carl Ben Eielson aliruka kutoka mji wa Fairbanks akiwa na magunia ya barua, akafika McGrath kwa muda usiotimiza saa tatu. Mbwa walihitaji majuma mawili na zaidi kwa njia hiyo. Ajabu kubwa! Lakini wakati wa kurudi giza lilimkuta angani. Watu wa Fairbanks wakawasha moto ili aone mahali pa kutua, akatua vibaya, ndege ikaharibika. Alizidi kuruka miezi michache, ajali nazo zikazidi, mpaka wakubwa wa posta wakakata mapatano mwaka uleule. Barua zikarudi kwa mbwa.

Mwaka uliofuata, Januari 1925, dondakoo likawaingia watoto wa Nome, mji ulio pwani ya magharibi. Dawa ilikuwa mbali. Watu walipiga kelele: ipelekwe kwa ndege! Lakini ndege zilizokuwa Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande kwa ajili ya baridi, na rubani wake alikaa wazi, bila paa wala kioo, katika baridi ya digrii 40 chini ya sufuri. Gavana Scott Bone akakataa. Dawa ikaenda kwa garimoshi mpaka Nenana, kisha watu 20 wakapokezana na mbwa wao mwendo wa kilometa zaidi ya 1,000, siku tano na nusu, ikafika tarehe 2 Februari. Dunia nzima iliwasifu wale mbwa, nayo ni haki. Sisi tungependa kumsifu na yule gavana. Kama ndege ingaliruka na kuanguka njiani, dawa ingalipotea pamoja na rubani, na watoto wasingalipata msaada.

Eielson mwenyewe hakuzeeka. Mwezi wa Novemba 1929 meli moja ilikuwa imekamatwa na barafu karibu na pwani ya Siberia, yenye ngozi za thamani ndani. Eielson na fundi wake Earl Borland waliruka kwenda kuchukua ngozi na watu, dhoruba ikawapata, wakafa. Wenzao waliwatafuta majuma mengi kabla ya kuona bawa la ndege likitokeza katika theluji.

Habari hiyo ilikuwa bado inazungumzwa wakati Wayezuiti wa Alaska walipopata ndege yao. Wakatoliki wa Marekani waliwasaidia kuinunua, nayo ikaitwa “Marquette Missionary”, kwa heshima ya Padri Marquette, Myezuiti wa zamani aliyetembea sana katika mito ya Amerika. Matumaini yalikuwa makubwa: padri angefika kwa mgonjwa kwa saa, si kwa majuma. Tarehe 12 Oktoba 1930 ndege hiyo ilianguka palepale Kotzebue, juu ya Mzunguko wa Kaskazini. Walikufa watatu: Padri Philip Delon, mkubwa wa misioni, Padri William Walsh, na rubani Ralph Wien, wa ukoo ulioleta ndege katika sehemu nyingi za nchi ile. Uwanja wa ndege wa Kotzebue una jina lake mpaka leo.

Msomaji atauliza: je, injini zao zilikuwa mbaya? Mara nyingine, ndiyo. Jioni rubani alitoa mafuta ya injini yangali moto, akalala nayo ndani ya nyumba. Asubuhi aliyapasha moto jikoni kama mchuzi, akafunika injini kwa turubai na kuweka jiko chini yake, ndipo ikakubali kuwaka. Lakini taabu hizo zilikuwa za chini, na mtu hafi kwa injini iliyokataa kuwaka. Hatari kubwa ilikuwa machoni. Theluji nyeupe chini, mawingu meupe juu, hakuna mstari wa kuzitenga: rubani hajui tena kama anapanda au anashuka, na mlima haumwonyi. Wengine walitupa matawi ya miti juu ya barafu ili waone uso wake kabla ya kutua. Tena unyevu wa mawingu huganda juu ya mabawa. Ndege huwa nzito, na bawa hupoteza umbo lake linaloibeba.

Basi ajali nyingi zilianza chini, kabla ya kuruka. Hali ya mbingu kule mbele haikujulikana. Mgonjwa anangoja, barua zinangoja, abiria ananung’unika, mwenye ndege anahesabu fedha, na rubani anaona haya kusema “leo hapana”. Katika miaka ya 1990 marubani wa kazi wa Alaska walikufa mara tano hivi kuliko marubani wa Marekani yote kwa jumla.

Tangu mwaka 1999 serikali ilianza kufunga ndani ya ndege za upande wa Bethel vyombo vinavyomwonyesha rubani milima na ndege nyingine, hata asipoona kitu nje. Kwa miaka michache ajali za ndege zenye vyombo hivyo zilipungua karibu nusu. Wakati uleule wakaanza kuweka kamera vijijini na katika mapito ya milima. Rubani huangalia picha kabla ya kuwasha injini, akaona kwa macho yake kama njia imefungwa. Kwetu sisi hicho ndicho chombo bora kuliko vyote, maana kinamsaidia asiruke bure, na kinamnyamazisha abiria mwenye haraka.

Hatari haikwisha. Tarehe 6 Februari 2025 ndege ndogo iliyotoka Unalakleet kwenda Nome ilianguka juu ya barafu ya bahari, wakafa watu 10 wote. Wawili kati yao walikuwa mafundi waliokwenda kutengeneza vyombo vya mtambo wa maji wa kijiji. Wachunguzi walipopima waliona kwamba uzito wa ndege ulipita kipimo kilichowekwa kwa safari yenye kuganda kwa barafu.

Vijiji haviachi ndege, wala haviwezi. Katika sehemu za Bethel mama mwenye mimba husafiri mapema, mwezi mzima hivi kabla ya kuzaa. Huwaacha watoto wake na nyanya yao, akakaa mjini katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wamama, karibu na hospitali, maana hakuna awezaye kumwahidi kwamba siku ya uchungu mbingu zitakuwa wazi.