Kichekesho Kisichohitaji Mkalimani

Likuyani, magharibi mwa Kenya, ni zao la skimu za makazi. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba ya walowezi kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale yalikatwa vipande, na Wamaragoli, Wabukusu, Wakabras na Watiriki wakajikuta majirani, Wanandi na Wakikuyu wakiwa karibu. Ukitaka kuwachekesha watu kama hao kwa pamoja, utatumia lugha gani?

Jibu moja lilikuwa limepatikana zamani, na waliolileta hawakulifikiria hivyo. Miaka ya 1935 hadi 1937, L. A. Notcutt, Mwingereza aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, alitengeneza filamu 35 za mafunzo huko Vugiri, Tanganyika, kisha lori likazizungusha Afrika Mashariki hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka kwenye santuri, kwa hiyo kila kabila jipya lilidai maelezo mapya. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers. Huyu aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Filamu zake zilitakiwa ziende taratibu, bila ujanja wowote wa kamera.

Lakini ili watu wasitawanyike baada ya somo la vyoo na matuta, magari ya sinema yalibeba pia filamu za kimya za Charlie Chaplin. Hapo ndipo nadharia ya Sellers ilipoanguka kifudifudi. Vichekesho vya Chaplin ni mbio tupu: mateke, ngazi zinazoyumba, polisi wanaogongana vichwa. Vingi vilipigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, picha 16 hivi kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa mashine ya picha 24, watu hukimbia upesi kuliko walivyokimbia kweli. Watazamaji walifuata kila kitu na kucheka palipostahili. Kwa maoni yangu, chambo kilikuwa chakula chenyewe, na somo ndilo lililokuwa kikwazo cha kuvumilia.

Aina hii ya mzaha ina umri sawa na sinema. Desemba 28, 1895, ndugu wawili wa Lumière walipoonyesha filamu zao kwa watu waliolipa jijini Paris, mojawapo ilikuwa ya kijana anayekanyaga mpira wa maji wa mtunza bustani. Mzee anauchungulia kuona umezibwa na nini, kijana anaondoa mguu, maji yanamrukia usoni. Haifiki hata dakika moja. Hakuna mkulima wa Kongoni au Matunda anayehitaji kuelezwa kilichotokea.

Baada ya uhuru, idara ya habari iliendelea kutuma magari ya sinema vijijini, na kampuni za sabuni na mafuta ya kupikia zikafuata mkondo huo. Televisheni ikatuletea vipindi vya vichekesho, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Navipenda, ila kicheko chake kiliegemea sana lafudhi. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyefariki mwaka 2015, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau: Mkikuyu aliyetuvunja mbavu kwa Kiswahili cha Kijaluo. Alikuwa bingwa, lakini mzaha wa namna hiyo lazima umchague mwenye lafudhi. Chaplin anamchagua mwenye rungu na mwenye kitambi, wa kabila lolote.

Siku hizi DJ Afro anatafsiri na kutia chumvi filamu za mapigano kwenye vibanda vya video. Filamu za kimya hazimwachii kazi, na nyingi sasa zinatazamwa bure kwenye simu. Anayetaka kuanza aanze na Easy Street ya mwaka 1917. Mzururaji, yaani Chaplin, anaajiriwa polisi na kupelekwa mtaa ambako askari hurudi wakibebwa. Jitu la mtaa linapinda nguzo ya taa ili kumwonyesha nguvu zake. Chaplin analirukia mgongoni, analivika taa hiyo kichwani na kufungua gesi. Mkenya aliyewahi kusimamishwa barabarani usiku ataamua mwenyewe amshangilie nani.